Kiyoyozi Kinajizima Chenyewe? Anza kwa Kuhesabu Dakika

Kila mwaka kaskazi inapokata na kusi haijashika, simu yangu haitulii. Ni maleleji hayo: bahari ya Malindi imelala kama mafuta kwenye sahani, kuti la mnazi halitikisiki, na watu waliosahau tangu Agosti kwamba wana kiyoyozi ukutani wanakiwasha usiku na mchana. Malalamiko ni yale yale. "Fundi, eisi yangu yawaka vizuri, halafu yajizimia tu." Nauliza, inazima baada ya muda gani? "Aa, muda kidogo." Kidogo kiasi gani? Hapo kimya.

Siulizi kwa kupenda maneno. Kiyoyozi kinapozima chenyewe, mara nyingi kuna kitu ndani yake kilichoona hatari kikaamua kujikinga: joto limezidi, barafu imeganda, umeme umeshuka, maji yamejaa. Na kila hatari ina mwendo wake. Waya uliogusana hukata papo hapo. Kompresa, ile pampu ya mashine ya nje inayosukuma gesi, ikichemka huchukua dakika kumi, ishirini. Barafu hujijenga kwa saa nzima au zaidi. Ukijua dakika umeshajua nusu ya ugonjwa, na hujafungua hata skurubu moja. Basi kabla ya bisibisi, shika saa.

Ninazungumzia aina iliyo katika nyumba nyingi za hapa kwetu: mashine moja ukutani ndani, nyingine nje, katikati mabomba ya shaba.

Kwanza, je, kimezima kweli?

Umeweka nyuzi 24, chumba kimefika nyuzi 24, mashine ya nje ikanyamaza na ya ndani ikaendelea kupuliza hewa isiyo baridi sana. Hicho hakijaharibika. Kimemaliza kazi, kinapumzika, na joto likirudi kitaamka. Aina ya zamani huwaka na kuzima hivyo siku nzima. Ya inveta, yaani ile ambayo kompresa yake hubadilisha mwendo, hupunguza mwendo taratibu, hata unadhani haiko.

Na kikishazima, mashine nyingi zina ulinzi wa kama dakika 3 kabla kompresa haijawaka tena. Watu hawana subira ya dakika 3. Wanabonyeza rimoti, wanazima, wanawasha, wanabonyeza tena, halafu wananiambia haiitiki. Weka rimoti chini. Na kuweka nyuzi 16 ili chumba kipoe haraka ni kumpiga bakora punda ambaye tayari anakimbia: kompresa ya zamani ina mwendo mmoja tu, na ya inveta huongeza mwendo yenyewe ikiona chumba ni cha moto.

Kisha tazama kioo cha rimoti. Kuna kialama cha saa? Hiyo ni taima. Kuna mwezi au neno la usingizi? Mashine nyingine zikiwa katika hali hiyo hujizima baada ya saa kadhaa. Hili nalisema mapema kwa sababu lilinipata. Mama mmoja wa Barani aliniita, kiyoyozi chake kilikuwa kinazima saa nane ya usiku, kila usiku, hakikosi. Nilifungua bodi, nikasafisha viunganishi, nikabadilisha sensa, nikaondoka na kifua mbele. Usiku ule saa nane kikazima. Niliporudi mara ya pili, mjukuu wake wa miaka tisa alichukua rimoti, akaitazama, akaniuliza, "Ami, na hiki kisaa ni cha nini?" Pesa ya sensa nilirudisha.

Kitu kinachozima kwa saa ile ile ya ukutani, kwa usahihi wa dakika, hakina ugonjwa. Kimeamriwa.

Namna ya kuhesabu

Funga mlango na madirisha. Weka nyuzi 18 ili kisipate kisingizio cha kwamba chumba kimeshapoa. Washa, anzisha saa ya simu, kisha ukakae mahali unaposikia mashine ya nje. Andika mambo matatu: nje imeanza kunguruma dakika ya ngapi, imenyamaza dakika ya ngapi, na wakati huo ndani kulikuwaje. Hilo la mwisho ndilo watu wanalolipuuza. Taa zote za mashine ya ndani zikifa pamoja, umeme umekatwa kabla haujafika kwenye mashine. Taa ikiwa inapepesa, au kioo kikionyesha herufi na namba, mfano E au F yenye tarakimu, basi bodi yenyewe ndiyo iliyoamua kuzima na inakwambia sababu. Hesabu mipepeso, piga picha. Usikimbilie kuzima kwenye breka kwanza, kwani ujumbe huo unaweza kufutika. Maana ya namba hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo kitabu chake ndicho kitakachokujibu, wala si jirani mwenye mashine ya jina jingine.

Rudia mara tatu. Mara moja ni bahati, mara tatu ni tabia.

Kinazima mara tu kikiwaka

Kama breka inashuka papo hapo, inyanyue mara moja tu. Ikishuka tena iache chini. Kuna umeme unavuja au waya umegusana, pengine ndani ya kompresa yenyewe, na kila unapoinyanyua unawasha moto mdogo mahali usipopaona. Hapo kazi yako imekwisha. Muite mtu mwenye leseni ya umeme ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Kama breka haishuki, angalia soketi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) hula kama ampea 5 mfululizo, na cha aina ya zamani hula mara kadhaa zaidi ya hapo kwa ule mpigo wa kuanza. Soketi iliyolegea haiwezi hilo. Zima, chomoa plagi, ishike: ikiwa ya moto, au plastiki imekuwa rangi ya kahawia kama mkate ulioungua, umempata mwizi. Kama kiyoyozi kinakula kupitia waya wa ekstensheni pamoja na friji na televisheni, sina la kuongeza. Kinastahili laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, waya usiopungua milimita za mraba 2.5, na swichi yake.

Halafu kuna sauti moja ambayo ukishaisikia huisahau. Mashine ya nje inavuma "mmmm" kwa sekunde chache kama mtu anayejaribu kunyanyua gunia, kisha "tak", kimya. Baada ya dakika kadhaa inajaribu tena. "Mmmm. Tak." Kwa mashine zisizo za inveta, mshukiwa wa kwanza ni kapasita, kile kikopo cha bati kinachoipa kompresa msukumo wa kuanza. Ikifa, kompresa inavuta umeme bila kuzunguka, inapata joto, na swichi yake ya kujilinda inaikata.

Kapasita mbovu mara nyingine hujisema yenyewe: kichwa chake kilichotakiwa kuwa bapa kinakuwa kimeumuka kama hamri. Lakini usifungue kwenda kuitazama. Kile kikopo huhifadhi umeme hata baada ya kuzima na kuchomoa, na kinaweza kukurusha ukutani. Fundi atakitoa umeme wake kwanza, kisha atakipima kwa mita. Kama kimeandikwa 35 na mita inasoma 22, mazungumzo yamekwisha. Kwa kawaida hakitakiwi kupungua zaidi ya asilimia 5 au 6. Ni kifaa cha bei ndogo, na kukibadilisha hakumalizi hata nusu saa. Nimewahi kufika nyumba moja huko Shela ambako mwenyewe alikuwa ameshalipia gesi mara tatu katika miezi minne, kwa fundi aliyekuwa akija na mtungi begani na kuondoka na mtungi begani. Kapasita ilikuwa imeumuka hivyo tangu mwanzo.

Na mshukiwa mwingine ni wa hapa hapa nyumbani. Mjusi kafiri. Anapenda joto la boksi la umeme la mashine ya nje, anapitia tundu la waya, anakaa katikati ya vidole viwili vya kontakta, ile swichi inayoipa kompresa umeme, swichi inajifunga, na yeye anaungua hapo hapo. Baada ya hapo vidole havigusani sawasawa, mashine inawaka na kukatika, inawaka na kukatika. Sisimizi hufanya vivyo hivyo. Nimeshatoa mijusi mikavu kama majani ya chai kwenye mashine ambazo wenyewe walikuwa tayari wanataka kununua mpya. Mwambie fundi akishafunga azibe lile tundu la waya kwa silikoni.

Kinakwenda dakika kumi hadi nusu saa, kisha kinazima

Hili ndilo kundi kubwa kwetu sisi watu wa pwani. Kompresa imechemka. Mashine ya nje kazi yake ni kutupa joto lililotolewa chumbani; ikishindwa kulitupa, joto linarudi kwake.

Toka nje, simama mbele yake inapofanya kazi. Feni inazunguka? Ikiwa kompresa inanguruma na feni imesimama, zima mara moja, hiyo itaua kompresa. Hewa inayotoka ni ya moto na ina nguvu? Vizuri. Ni hafifu? Angalia kilichoizuia. Nimekuta viti vya plastiki vilivyopangwa mbele yake, godoro linaloanikwa, mboungevilia uliojizungushia mpaka ndani ya wavu, majani ya mwarobaini yaliyojaa nyuma kama kiota. Iachie nafasi, mbele angalau hatua moja ya mtu mzima, na nyuma kiganja kimoja au viwili kutoka ukutani. Jua la saa tisa likiipiga moja kwa moja, kijipaa cha makuti juu yake kinasaidia, mradi kisizibe mbele.

Kisha nenda nyuma yake utazame vile vibati vyembamba vya alumini. Hapa ndipo chumvi inapokaa. Kusi ikivuma, mawimbi yakipasuka, hewa inabeba umande wa chumvi unaofika mbali kuliko watu wanavyodhani. Chumvi na unyevu, na alumini iliyogusana na shaba, ni mchanganyiko unaoila ile alumini polepole. Ukipitisha kidole kinatoka na unga mweupe. Mashine iliyo safu ya mbele ya bahari inaweza kufika mahali vibati vinavunjika kama biskuti, na hapo hakuna kuosha tena, ni kubadilisha.

Kabla haijafika huko, osha hivi. Zima kwenye breka, siyo kwenye rimoti tu. Subiri ipoe. Toa majani kwa mkono. Chukua mpira wa maji wenye nguvu ya kawaida, mwagilia kutoka juu kwenda chini, ukinyoosha maji sawa na vibati, usiyaelekeze upande wenye boksi la umeme. Mashine za kuoshea magari zisisogee hapo. Maji yale yanalaza vibati vyote upande mmoja na hewa haipiti tena. Ikiwa uchafu ni wa mafuta, tumia sabuni laini, iache dakika kumi, suuza. Acha ikauke vizuri kabla ya kuwasha.

Na maji yenyewe yawe ya mfereji, yale yanayotoka Baricho kando ya Mto Sabaki. Visima vingi vya hapa mjini vina maji ya chumvichumvi. Nimemwona kijana akiosha mashine ya bosi wake kila Jumamosi, kwa bidii, kwa maji ya kisima. Alikuwa anaipaka chumvi kila wiki na kuitwa mchapakazi. Kwa nyumba iliyo karibu na bahari, osha mara moja kwa mwezi wakati wa kusi. Ukiwa ndani zaidi, upande wa Maweni au Muyeye, miezi mitatu inatosha.

Kinakwenda saa moja au zaidi, kinapoteza nguvu, kisha kinazima

Hewa inaanza kwa kishindo, inapungua, inakuwa kama pumzi ya mgonjwa. Kisha maji yanadondoka ukutani. Hiyo ni barafu. Fungua jalada la mbele, umulike kwa tochi: nyuma ya filta utaona weupe umeshika koili, yale mabomba yanayopoza hewa.

Usiikwangue kwa kisu. Mabomba ya humo ni membamba na tundu moja ni gesi yote. Weka hali ya feni peke yake, au zima kabisa, fungua madirisha, tandika beseni na matambara chini, ngoja saa mbili au tatu. Wakati unangoja, osha filta: zile nyavu mbili hutoka kwa kuvutwa tu. Maji ya kawaida, sabuni kidogo, zianikwe kivulini. Juani zinajikunja zisiingie tena. Kwa nyumba yenye vumbi la barabara ya murram, kila wiki mbili.

Washa tena ukiwa na filta safi, nyuzi 24. Kama barafu hairudi, umemaliza, na hujalipa mtu. Kama imerudi, yabaki mambo mawili makubwa. Ama lile gurudumu refu la feni ya ndani limeshika uchafu hata haliwezi kupuliza, ulimulike kwa tochi kupitia mdomo wa hewa, utaona tope jeusi kwenye mapengo yake. Ama gesi imepungua. Dalili ya gesi iko nje: bomba jembamba la shaba pale linapoingia kwenye mashine likiganda barafu nyeupe, gesi ni kidogo.

Hapo ndipo nataka mnisikilize. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama ya jiko la meko. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ingeweza kukaa humo maisha yote ya mashine. Ikipungua, imevuja. Fundi anayeongeza bila kutafuta tundu anakuuzia miezi michache. Mwambie apake povu la sabuni kwenye maungio, atafute, azibe, atoe hewa kwa pampu ya vakyumu, ndipo ajaze kwa kupima uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mashine. Kibandiko hicho pia kinataja aina: R22 kwa mashine kuukuu, R410A, au R32 kwa nyingi za sasa. Hazichanganywi. Na R32 inaweza kushika moto, kwa hiyo sigara na tochi ya kuchomelea vikae mbali mpaka mabomba yawe matupu.

Maji nayo: ikiwa hakuna barafu lakini yanavuja ndani, paipu ya kutoa maji imeziba kwa ule ute wa kijani, au nyigu amejenga mdomoni mwake. Baadhi ya mashine, hasa za darini, zina boya linalozima kila kitu beseni likijaa. Nenda kwenye ncha ya nje ya paipu, ifyonze kwa mashine ya kufyonza vumbi, au puliza kwa pampu ya baiskeli. Kwa mdomo usijaribu. Nimejaribu.

Kinazima jioni tu

Mchana salama, saa moja ya usiku matatizo, saa tano kimetulia. Tazama kifaa cha kulinda umeme kama unacho. Taa yake nyekundu ikiwa imewaka, ni yeye aliyekata, na amefanya kazi yake. Umeme wetu ni voliti 240. Ukishuka chini ya 200 wakati mtaa mzima umewasha taa, feni na pasi, kompresa inavuta ampea zaidi ili kufidia, na inachemka. Nunua kale kamita kadogo kanachochomekwa kwenye soketi, andika namba kila nusu saa kwa siku tatu.

Kisha uliza jirani. Kama na kwake taa zinafifia, ni laini ya mtaa: peleka namba zako kwa shirika la umeme, namba zinasikilizwa kuliko hasira. Kama kwake ni shwari na kwako taa zinanywea kila kompresa inapoanza, tafuta waya uliolegea ndani ya boksi lako mwenyewe. Hilo nalo ni la mwenye leseni. Na kama huna kifaa cha ulinzi, nunua chenye ukubwa wa kiyoyozi. Kile cha friji kitaungua.

Ukiamua kuita fundi

Usimwambie "imeharibika". Mtumie ujumbe kama huu, aje na kifaa mkononi badala ya kuja kutazama na kuondoka:

"Salama fundi. Kiyoyozi BTU 12,000, si inveta, kina miaka sita, nyumba iko mita mia mbili kutoka baharini. Kinawaka, mashine ya nje inazima dakika ya 14 hadi 16, nimepima mara tatu. Feni ya nje inazunguka. Ndani taa ya kijani inapepesa mara tano. Filta nimeosha jana, barafu hakuna, voliti 231. Picha ya kibandiko hii hapa. Waweza kuja lini?"